Kilometa 312,640

Kwa wiki tatu za mwezi wa saba nililala na namba moja na kuamka nayo: 312,640. Ndizo kilometa zilizokuwa kwenye mita ya Toyota Noah ya mwaka 2000, rangi ya fedha, iliyoegeshwa chini ya mwembe kwenye parseli moja, yaani kiwanja cha nyumba, mtaa wa Bel-Air, hapa Lubumbashi. Mwenyewe ni mama mmoja muuguzi aliyestaafu, naye alikuwa anataka dola 4,200. Sisi nyumbani tulikuwa na 4,500, akiba ya miaka minne, na haikuwa yangu peke yangu. Mke wangu anauza samaki wa Kasenga kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini. Kila wiki tunalipia nafasi kwenye lori la mtu, na lori la mtu huondoka linapotaka. Samaki wa mto Luapula hangoji. Barafu ikiisha kabla ya kufika mjini, faida ya wiki nzima inabaki njiani.

Haja ya motokari, basi, haikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa kama ni halali kuchukua jasho la miaka minne na kulitia kwenye chuma kilichokwisha kutembea laki tatu na zaidi. Niliowauliza karibu wote walijibu kabla sijamaliza kusema. Shemeji yangu, ambaye huniita yaya, yaani kaka, alisema, "Yaya, iyo ni maiti, inangoja kuzikwa tu." Siku ileile akanipeleka kwa muuzaji mmoja kwenye barabara ya Kasumbalesa, akanionyesha Noah nyingine ya mwaka uleule. Imeoshwa mpaka matairi yanang'aa, viti vimevalishwa vitambaa vipya. Mita yake: 89,000. Bei: dola 4,500, bila kupungua hata moja.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua kuchukua ile ya 89,000. Aliyenizuia ni baba yangu.

Baba alifanya kazi miaka 27 kwenye karakana za Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, upande wa mashine kubwa za kuchimba na kubeba. Alikuwa mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka kwa hiari kuanzia mwaka 2003, katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Wanaokumbuka Lubumbashi ya wakati ule wanajua pesa zile zilikwenda wapi katika nyumba nyingi: vinu vya kusaga mahindi, vibanda vya duka, na motokari za kubeba abiria. Baba alinunua Hiace ya mazutu, yaani dizeli. Mita ilisoma 118,000. Muuzaji aliapa kwamba mkanda wa injini ulibadilishwa ilipofika 100,000, kama inavyotakiwa. Baba alilipa karibu kila dola aliyokuwa nayo, akabakiza ya kujaza tangi na ya kulipia karatasi.

Nilikuwa na miaka 17, mimi ndiye niliyekuwa napokea nauli. Tulifanya kazi miezi minne. Asubuhi moja, kwenye njia ya Likasi, tumepita Luisha kidogo, injini ilipiga sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, kama sinia la vyuma limeangushwa kwenye saruji, halafu kimya. Motokari ikateleza yenyewe mpaka pembeni. Abiria walishuka na mizigo yao. Baba aliwarudishia nauli mmoja mmoja kwa mkono wake, mimi nimesimama nyuma yake nimeshika mfuko.

Mkanda ulikuwa umekatika. Kwa asiyejua: ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka, na kuna valvu zinazofunguka na kufunga juu yake. Mkanda ndio unaozifungamanisha zisikutane. Kwenye dizeli ile nafasi kati yao ni ndogo mno, hivyo mkanda ukikatika pistoni inaikuta valvu imefunguka, inaigonga, na kila kitu cha juu kinapinda au kuvunjika. Fundi aliyefungua aliukuta mkanda umekauka kama ngozi ya ng'ombe iliyoachwa juani, na silinda zimelika mpaka unahisi ukingo kwa kidole. Alisema motokari ile ilikuwa imepita laki mbili na nusu zamani. Dizeli nyingi za Toyota za wakati ule zina taa ndogo kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT, inayowaka kila kilometa 100,000 kukumbusha mkanda. Lakini taa ile inafuata mita. Mita ikirudishwa nyuma, na ukumbusho unarudishwa nyuma pamoja nayo. Kwetu haikuwaka hata siku moja.

Pesa ya kufungua injini na kuijenga upya haikuwepo. Hiace ilikaa kwenye parseli miaka miwili, kuku wakataga ndani yake, kisha ikauzwa vipande vipande. Tangu hapo baba hakukubali tena kumkagulia mtu motokari ya kununua. Majirani walimwomba, walijua alivyo fundi. Alikuwa anajibu kwamba macho yake yamechoka.

Ndiyo maana nilishtuka nilipomsimulia habari ya Noah mbili naye akaweka kikombe chini na kuniuliza, "Iyo ya 89,000, nani alizihesabu?"

Nikamwambia mita. Akaomba karatasi na kalamu.

Hesabu yake ya kwanza ilikuwa ya kugawanya. Kilometa 89,000 kwa miaka 25 ni kama 3,560 kwa mwaka, chini ya kilometa 10 kwa siku. Haikusema kwamba haiwezekani. Japani kuna wazee wanaotoa motokari kwenda dukani na kurudi, na motokari za namna hiyo zipo kweli. Lakini Japani kuna kitu kinachoweza kutoa ushahidi: motokari ya mtu binafsi inakaguliwa na serikali ikifika miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kwa miaka mingi sasa kilometa zake zinaandikwa kwenye cheti. Inapouzwa nje ya nchi hutoka na cheti cha kusafirishia, na namba ya kilometa inaonekana pale. Zilizopita mnadani zina pia karatasi ya mnada yenye alama za ubora, na herufi R kwa iliyowahi kugongwa ikatengenezwa. Muuzaji wa haki hakasiriki ukiziomba karatasi hizi. Nilirudi kwa yule wa barabara ya Kasumbalesa, nikamwomba. Akasema zilibaki Dar es Salaam. Nikamwomba picha kwenye simu. Akasema nazo zilipotea na simu ya zamani.

Basi nikaangalia kile ambacho hakipotei na simu. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa mpya kabisa, lakini wa pedali ya mafuta umelika upande mmoja mpaka chuma kinaonekana. Usukani ulikuwa laini kama sabuni pale mikono inaposhika saa tatu na saa tisa. Chini ya vitambaa vipya, kiti cha dereva kimezama upande wa mlango, upande ambao mtu hupita akipanda na kushuka mara elfu. Tena motokari hizi zinapotoka bandarini Dar es Salaam nyingi huja kwa magurudumu yake: Tunduma, Nakonde, Zambia yote ya kaskazini, Copperbelt, mpaka Kasumbalesa, karibu kilometa 2,000, mikononi mwa dereva ambaye si yake na anayelipwa kwa kufika. Sikumwambia muuzaji kitu. Nilimshukuru nikaenda.

Hesabu ya pili ya baba ndiyo iliyonifundisha zaidi, na sijaisikia kwa mtu mwingine. Kwenye karakana yao mashine haikuwa na kilometa. Shoveli inaweza kusimama mahali pamoja mchana kutwa na injini inafanya kazi. Kwa hiyo walihesabu masaa, na oili, filta, kila kitu kilibadilishwa kwa masaa. "Injini aijui njia," alisema. "Injini inajua saa tu." Akaandika. Motokari iliyotembea 312,000 kwa mwendo wa wastani wa 50, njia ndefu ya lami, injini yake imezunguka kama masaa 6,240. Motokari iliyotembea 89,000 mjini, ikisukumana kwenye foleni kwa wastani wa 15, imezunguka kama masaa 5,900. Aliisukuma karatasi mbele yangu. Hata kama mita ya pili inasema kweli, mioyo ya motokari zile mbili inaweza kuwa na umri mmoja. Na ya mjini imewashwa na kuzimwa mara nyingi zaidi, imeamshwa baridi mara nyingi zaidi, breki na gia zake zimefanya kazi mara nyingi zaidi.

Kikabaki kitu kimoja: hizo 312,640, nazo nani alizihesabu?

Mama wa Bel-Air alikuwa na jibu, nalo lilikuwa ndani ya kaye, daftari la shule lenye jalada la bluu. Marehemu mume wake aliinunua Noah mwaka 2009, ikisoma 141,000. Alikuwa anafanya kazi Likasi, anakwenda Jumatatu na kurudi Ijumaa. Kila alipobadilisha oili aliandika tarehe, kilometa, na jina la oili. Mkanda: uliandikwa mara moja, kwenye 204,300, basi. Mwaka jana, baada ya msiba, mwandiko unakoma. Mama haendeshi, na watoto wako Kolwezi. Baba alikaa na kaye ile kwa muda mrefu. Likasi ni kama kilometa 120, kwenda na kurudi 240. Akazidisha kwa wiki 48, kwa miaka 15. Ikatoka 172,800. Akatoa 141,000 kwenye 312,640. Ikatoka 171,640. Mama akauliza kama kuna shida. Baba akasema hapana, mama, mume wako alikuwa mtu wa haki, na nikaona mama anageuza uso kuangalia mwembe.

Sikutaka kununua kwa sababu ya machozi, na baba pia hakutaka. Tukapanga kurudi Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na fundi wetu wa Katuba, na tukaomba mtu asiiwashe kabla yetu. Lubumbashi mwezi wa saba alfajiri ni baridi kweli, unaona pumzi yako, na hiyo ndiyo saa ya kuijua injini. Iliyopashwa moto kabla hujafika imefichwa nusu ya maradhi yake. Noah za umri huu injini iko chini ya viti vya mbele. Tukainua kiti, baba akaweka kiganja juu ya chuma. Baridi.

Ilipowashwa ilitoa moshi wa bluu, kidogo, kama sekunde nne, kisha ukakatika. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka wakati wa kuwasha tu halafu ukakoma, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka, oili imeteremka usiku. Ukiendelea kutoka unapokanyaga mafuta, shida iko chini zaidi, kwenye ringi za pistoni. Mweupe mzito usiokoma ungetufanya tuage papo hapo, maana maji yameingia ndani. Tulifungua kifuniko cha oili: hakuna utando kama maziwa. Maji ya radieta: hakuna mafuta juu yake. Sumaku niliyokuja nayo ilishika bati kila mahali ila kwenye kona moja ya nyuma, palipozibwa kwa mastiki. Mama alikuwa ametuambia habari ya kona ile bila kuulizwa. Chini hakukuwa na kutu ya maana. Hilo ni neema ya Katanga, tuko mbali na bahari, na kiangazi chetu ni kirefu. Vumbi jekundu ndilo adui wetu, na filta ya hewa ilikuwa nzito kama tofali. Niliona haya kwa niaba ya motokari.

Halafu kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Kama unanunua motokari ya kilometa nyingi na una pesa ya kipimo kimoja tu, lipia hiki. Fundi alitoa plagi zote nne, akafunga saa yake ya kupimia kwenye kila tundu, nikapiga staata. Kwa kilo, kama mafundi wetu wanavyosema, maana yake kilo kwa kila sentimita ya mraba: 10.5, 10.5, 9.7, 10.6. Moyo wangu ulishuka, maana nilikuwa nimesoma kwamba injini nzima ya namna hii hutoa kama 12 na zaidi, na ikishuka chini ya 10 imechoka. Fundi akatikisa kichwa. Vitabu vile, alisema, viliandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na injini haiwezi kubana hewa ambayo haikuingia. Kwetu 10.5 ni afya. Cha kuangalia ni tofauti: silinda zote ziwe ndugu, zisipishane zaidi ya kilo moja. Ya tatu ilikuwa 9.7. Akamimina kijiko cha oili ndani yake, akapima tena: 10.4. Ikipanda kwa oili, ringi ndizo zinazovuja. Kwa hiyo tulijua sasa, kwa namba, ugonjwa ulipo na ukubwa wake: silinda moja kati ya nne imeanza kuzeeka. Itakunywa oili kiasi. Haitakufa kesho.

Oili ya gia ilikuwa kahawia, si nyekundu, lakini haikunuka kuungua. Fundi alishauri ibadilishwe kidogo kidogo kwa awamu, isimwagwe yote kwa mara moja kwenye gia ya otomatiki ya umri huu. Mafundi wanabishana kuhusu hilo, nami nimemfuata wetu.

Tulipoitoa barabarani, tulikwenda upande wa Kasumbalesa mpaka malori ya shaba yalipoanza kutufungia njia. Huku kwetu tunaendesha kulia na usukani wa motokari zetu nyingi uko kulia pia, kwa hiyo dereva aliye nyuma ya lori haoni kitu. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Mtu huyo ana kazi, hakai kama mgeni. Baba alikuwa kushoto. Aliinama mbele, mkono kwenye dashibodi. "Ngoja." Lori likapita kutoka mbele. "Ngoja kwanza." Halafu, "Enda." Nikaenda. Gia ilishuka bila kugonga, injini ikavuta. Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Miaka 20 na zaidi sikuwa nimemwona baba ameketi hivyo ndani ya motokari.

Nyumbani tulikaa watatu, mke wangu akiwa na kalamu. Yeye ndiye aliyesema jambo ambalo mimi na baba tulilizunguka tu. Alisema, "Mimi sikatai kilometa. Nakataa kutoa pesa yote." Akaligawa lile bunda juu ya meza: upande huu motokari, upande huu matengenezo ya mwaka wa kwanza, na upande wa matengenezo hauguswi hata kama bei imegoma. Kwa ile ya 89,000 upande wa pili ungekuwa sifuri. Ingetuweka palepale alipowekwa baba: kitu kisichojulikana, na mikono mitupu siku kitakapojitangaza.

Tulikwenda kwa mama na orodha ya yote tuliyoyaona, tukamsomea yote, pamoja na mazuri. Hatukuikashifu motokari yake. Tuliomba 3,200, yeye akasema 3,500, tukakutana 3,300. Zikabaki 1,200. Kabla Noah haijabeba samaki hata mmoja, iliingia Katuba siku tano. Mkanda wa injini, pampu ya maji inayokaa pamoja nao, sili za valvu, filta zote, mipira ya miguu ya mbele, matairi mawili ambayo tarakimu zake nne ubavuni zilionyesha yametengenezwa mwaka 2013. Injini hii ya esanse, yaani petroli, ina huruma moja ambayo ile dizeli haikuwa nayo: mkanda wake ukikatika, pistoni hazizifikii valvu, unabaki tu njiani. Hata hivyo baba alisema mkanda ubadilishwe kwanza kuliko kitu chochote. Fundi alipoutoa ule wa zamani baba aliupinda kinyumenyume, akaonyesha nyufa kwa ukucha, akauliza kama anaweza kuondoka nao.

Yote yalikula dola 640. Sakafu ya nyuma tuliitandika bati na plastiki nzito, maana maji ya samaki yanakula chuma taratibu usijue.

Kaye ya bluu mama alituachia. Ukurasa wa mwisho wenye mwandiko wa marehemu una oili ya mwezi wa tatu mwaka jana. Chini yake baba ameandika, kwa herufi zake za karakana zilizosimama wima: 312,671, kurua mpya (ndio mkanda), pampu mpya. Noah inakunywa oili kama lita moja kila kilometa 1,500, kwa hiyo nyuma ya kiti kuna dumu la lita tano na kila Jumamosi, kabla ya kutoka kwenda Kasenga, nachomoa fimbo na kupima. Jumamosi iliyopita mita ilisoma 318,902. Oili ilikuwa katikati ya alama mbili. Nikaongeza nusu lita, nikaandika.